Maswali yenu: Vitenzi vya Kihispania wakati uliopo, mtu aanzie wapi?

Mwezi huu safu nzima nimewaachia wanaojifunza Kihispania, maana maswali yamerundikana na ukiyasoma unakuta karibu yote yanazunguka palepale, kitenzi cha wakati uliopo, ile hatua ambayo mtu akiivuka anaanza kusikia watu wanasema nini na akikwama hapo anaacha kabisa. Na mimi roho inaniuma mtu akiacha kwa sababu hiyo, hii ni lugha rasmi ya nchi 20, Meksiko, Ajentina, Hispania yenyewe, mpaka Guinea ya Ikweta, na vitenzi vyake kwa mtu anayeongea Kiswahili sio vigumu kama anavyoambiwa. Tatizo ni kwamba vitabu vingi na apu nyingi zimeandikwa kwa mtu anayetokea Kiingereza, basi nasi tunapelekwa kwa kuzunguka wakati njia ya mkato tunayo mdomoni. Hilo ntalirudia sana humu, mnivumilie.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nimeanza Kihispania kwa apu ya simu, majina ya vitu nayashika vizuri tu ila vitenzi vimenitoa jasho. Mara naona hablo, mara hablas, mara habla, mara hablan, alafu lile neno yo kuna sentensi lipo kuna sentensi halipo. Rafiki yangu kaniambia nikariri jedwali lote la vitenzi kwanza ndo niendelee na mengine. Ni kweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hapana, usikariri jedwali lote. Tuanze na yo, yaani mimi. Wewe ukiongea Kiswahili ukisema "nasoma" hakuna anayekuuliza nani anasoma, ile na- mwanzoni imeshasema ni wewe, na ukiongeza "mimi nasoma" ni pale unataka kusisitiza kwamba ni mimi, sio yule. Kihispania kinafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba sisi mtu tunamweka mbele ya kitenzi, wao wanamweka nyuma. Hablo ni nazungumza, na mtu yuko kwenye ile -o ya mwisho. Kwahiyo yo inaachwa kwa sababu haihitajiki, na ukiiweka kwenye kila sentensi hujakosea sarufi ila unasikika kama mtu anayesema mimi nimeamka, mimi nimeoga, mimi natoka.

Sasa angalia mikia yenyewe. Vitenzi vyote vya Kihispania kwenye kamusi vinaishia -ar, -er au -ir. Unakata hizo herufi mbili, unabaki na mzizi, unapachika mkia wa mtu. Hablar, kuzungumza, inatoa hablo (nazungumza), hablas (unazungumza), habla (anazungumza), hablamos (tunazungumza), habláis (mnazungumza, hii ni ya Hispania, ntaieleza chini), hablan (wanazungumza). Comer, kula: como, comes, come, comemos, coméis, comen. Vivir, kuishi: vivo, vives, vive, vivimos, vivís, viven.

Ziweke hizo tatu pamoja uzitazame taratibu, maana hapa ndo watu wanapitiliza. Mimi ni -o kote kote, makundi yote matatu. Wewe ni -s. Sisi ni -mos. Wao ni -n. Yeye hana kitu, inabaki irabu tupu. Kinachobadilika ni irabu ya katikati tu, kundi la -ar linabeba a na mengine yanabeba e, na kundi la -ir linaachana na lile la -er sehemu mbili tu, vivimos na vivís. Kwahiyo jedwali lililokutisha la maumbo kumi na nane ukilikunja, ile ya Hispania ikae pembeni kwanza, linakuwa alama nne za kukumbuka na irabu mbili. Mtu aliyekulia na ni-, u-, a-, tu-, m-, wa- hawezi kushindwa na hiyo.

Badala ya kukariri, jiulize na ujijibu, tena kwa sauti. ¿Trabajas? Sí, trabajo. ¿Comes? Sí, como. ¿Vives aquí? No, no vivo aquí. Swali linakuja na -s, jibu linatoka na -o, kama sisi tunavyoulizwa "unafanya kazi?" tukajibu "nafanya", hatuanzi kuhesabu nafsi ya kwanza nafsi ya pili kichwani. Mazungumzo ya mtu anayeanza karibu yote ni hizo mbili, wewe na mimi. Zikishatoka bila kufikiri ongeza yeye, alafu wao na sisi zitaingia zenyewe. Na hapo umeona kukanusha pia, no mbele ya kitenzi basi, kitenzi hakiguswi. Sisi tuna nasoma ikawa sisomi, anasoma ikawa hasomi, kila kitu kinageuka. Wao nasoma ni leo, sisomi ni no leo. Hapa Kihispania ni rahisi kuliko Kiswahili na nasema hivyo bila kusita.

SWALI: Ninapoandika napata, ninapoongea naambiwa sieleweki. Mkufunzi wangu wa onlaini anasema naweka mkazo pabaya. Hivi hizo alama juu ya herufi ndo zina shida gani?

JIBU: Habari njema kwanza. Irabu za Kihispania ni tano, a e i o u, na zinatamkwa karibu sawa kabisa na zetu. Alafu neno lisilo na alama likiishia na irabu au n au s mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapoweka mkazo wake. Na mikia ya wakati uliopo inaishia na nini? Irabu, n, s. Kwahiyo hablo, hablas, habla, hablamos, hablan, ukizisoma kwa mkazo wa Kiswahili uko sawa. Wanaotokea lugha nyingine wanahangaika na hili wiki nzima.

Unapokwama nadhani ni maneno kama estudio na cambio. Kwa Kiswahili i na o zikifuatana kila moja ni silabi yake, kwahiyo ulimi unataka kusema es-tu-DI-o. Kihispania hizo mbili zimebanwa zikawa silabi moja, es-TU-dyo, KAM-byo. Hapo ndo mkazo wako unateleza. Ikiwa mtu anataka zitengane anaweka alama, kama envío, natuma, en-BI-o.

Na alama usiiruke unapoandika kwenye simu, jamani. Hablo ni nazungumza. Habló, mkazo mwishoni, ni alizungumza, yaani umebadilisha wakati na umebadilisha mtu kwa kialama kimoja. Esta bila alama ni "hii", está ni "yuko". Bonyeza herufi uishikilie kidogo, itakuletea yenye alama, ukizoea haikuchelewesha.

Mengine madogo: h haitamkwi kabisa, hablo ni "ablo", hago ni "ago". V inatamkwa kama b, vivo ni "bibo". Ll sehemu nyingi inatamkwa kama y yetu, llamo ni "yamo". J ni kh ya kheri.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nimeshamaliza vitenzi vya kawaida nikafurahi, ghafla nimekutana na querer, kutaka. Nikaandika "quero", apu ikanikatalia, inasema quiero. Sawa, nikaandika "quieremos", ikanikatalia tena, inasema queremos! Sasa mbona hawana msimamo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wana msimamo sana, tena wa kuvutia, ila ukiuangalia kwa macho hauonekani, ni wa kusikia. Tamka kwa sauti: QUIE-ro, QUIE-res, QUIE-re, QUIE-ren. Mkazo uko kwenye mzizi. Sasa que-RE-mos, que-RÉIS. Mkazo umehama umeenda kwenye mkia. Basi kanuni ndo hiyo, mzizi ukiwa na mkazo unafunguka e inakuwa ie, mkazo ukiondoka mzizi unarudi ulivyokuwa. Kuhama kwa mkazo tunakujua wenyewe, SO-ma ukiongeza -ni inakuwa so-ME-ni, umehama bila mtu kukufundisha. Sisi kwetu irabu ya mzizi, ile o, haibadiliki, kwao inabadilika.

Kuna vikundi vitatu. Cha kwanza e inakuwa ie: pensar (pienso), entender (entiendo), empezar (empiezo), cerrar (cierro), preferir (prefiero). Cha pili o inakuwa ue: poder (puedo), dormir (duermo), volver (vuelvo), encontrar (encuentro), recordar (recuerdo). Hiyo pue ya puedo itamke kama pwe ya pweza, usiseme "pu-e-do". Cha tatu e inakuwa i, na hiki kinapatikana kwenye -ir tu: pedir (pido), servir (sirvo), repetir (repito). Jugar, kucheza, yuko peke yake, u inakuwa ue, juego lakini jugamos.

Wewe usiangalie vitabu vinavyochora kiatu kuzunguka yale maumbo manne, sikia mkazo. Faida yake inakufuata mpaka nje ya vitenzi. Siete ni saba, setenta ni sabini. Nueve ni tisa, noventa ni tisini. Umeona? Mkazo ukitoka ie inarudi e, ue inarudi o. Ni mabadiliko ya zamani ya Kilatini cha mitaani kugeuka Kihispania na yamebaki kwenye lugha nzima, hakuna aliyekaa akayapanga kukutesa.

Onyo moja. Sio kila kitenzi chenye e au o kinafanya hivi. Aprender ni aprendo, comer ni como, beber ni bebo. Huwezi kujua kwa kuangalia, kwahiyo ukijifunza kitenzi kipya kiandike kwenye daftari mara mbili, umbo la kamusi na umbo la mimi: poder, puedo. Pensar, pienso. Deber, debo. Kamusi ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa 1713, iko bure kwenye intaneti na kila kitenzi inakuonyesha maumbo yake yote, hiyo iamini kuliko vipicha vinavyozunguka mitandaoni.

SWALI: Kwa nini vitenzi ninavyovihitaji sana ndo vimeharibika? Hago, tengo, digo, salgo, conozco, sé, voy. Nimechoka.

JIBU: Pole. Vinatumika sana ndo maana vimebaki na maumbo yao ya ajabu, kitenzi kinachosemwa kila dakika watu hawana nafasi ya kukisahau kikanyooshwa. Ila angalia kitu kimoja, vingi kati ya hivyo vimeharibika kwa mimi tu. Hacer ni hago, alafu haces, hace, hacemos, hacen, safi kabisa. Salir ni salgo, alafu sales, sale, salimos, salen. Poner, pongo, pones. Traer, traigo, traes. Conocer, conozco, conoces. Saber, sé, sabes. Ver, veo, ves. Kwahiyo ukishika hilo umbo moja kitenzi kizima umekishika, na bahati nzuri ndo umbo utakalolitamka kuliko yote maana unajisemea mwenyewe.

Vinavyobeba mambo mawili kwa pamoja ni tener, venir na decir: tengo lakini tienes, vengo lakini vienes, digo lakini dices. Na vile ambavyo havina mpango kabisa ni viwili, ser, kuwa (soy, eres, es, somos, sois, son) na ir, kwenda (voy, vas, va, vamos, vais, van). Hivyo viwili kariri, ndiyo, hivyo nimekubali. Estar sio mbaya, estoy, estás, está, estamos, estáis, están, we kumbuka alama tu.

Protejo kutoka proteger na sigo kutoka seguir usiziweke kwenye orodha ya vilivyoharibika. Ni tahajia tu inalinda sauti ile ile. Ukizisikia hazijafanya kitu cha ajabu, isipokuwa seguir yuko kwenye kile kikundi cha e kuwa i.

SWALI: Ser na estar. Nimeangalia vidio nyingi, wote wanasema ser ni ya kudumu na estar ni ya muda. Alafu nikakutana na "está muerto". Kufa ni kwa muda??

JIBU: Swali hili nimelipokea kwa furaha kubwa, maana hiyo kanuni ya kudumu na ya muda naipinga miaka yote, inawafaa wenye kitenzi kimoja cha kuwa na ndo iliyotengenezewa wao. Wewe unatokea lugha yenye "ni", yenye "yuko", na yenye -me-. Tumia hizo.

Unapotumia "ni" kumtaja mtu ni nani au kitu ni nini, hiyo ser. Ni mwalimu, es profesor. Ni dada yangu, es mi hermana. Ni mrefu, es alto. Unapotumia yuko, iko, ziko, hiyo estar. Yuko nyumbani, está en casa. Vitabu viko wapi, ¿dónde están los libros? Na hapa sasa ndo penye utamu, unapotumia -me- kueleza hali ambayo mtu au kitu kimefikia na bado kiko hivyo, hiyo pia estar. Amechoka, está cansado. Amekaa, está sentado. Mlango umefungwa, la puerta está cerrada. Amekufa, está muerto. Umeona kifo kimeingia chenyewe bila ugomvi? Hatuulizi kitadumu au hakitadumu, tunasema hali imefikiwa.

Haifanyi kazi asilimia mia na sitaki nikudanganye. "Ni mgonjwa" tunasema kwa ni, wao está enfermo, kwa hiyo hali za mwili na za moyo zipeleke estar hata kama Kiswahili kimesema ni. "Nina furaha" ni estoy contento. Na shughuli zinazofanyika mahali, mkutano, sherehe, mechi, sisi tunauliza iko wapi lakini wao wanatumia ser, ¿dónde es la fiesta? Jaribu kuweka "inafanyika", ikikubali ni ser.

Usisahau pia hay, yaani kuna. Hay un problema, kuna tatizo. Hay dos problemas, kuna matatizo mawili. Haibadiliki, imetulia kama kuna yetu ilivyotulia.

SWALI: Fupi tu. Kwa nini "tengo hambre"? Njaa mtu anakuwa nayo mkononi?

JIBU: Mdogo wangu, wewe unasemaje kwa Kiswahili? Nina njaa! Tengo hambre, neno kwa neno. Nina kiu, tengo sed. Nina usingizi, tengo sueño. Nina haraka, tengo prisa. Nina miaka ishirini, tengo veinte años. Kukuta mtu wa Kiswahili anashangaa sentensi hizi ni dalili kwamba amejifunza akipitia Kiingereza katikati, na ndo ninachokipigia kelele tangu mwanzo. Toa daraja hilo. Baridi tunasema nasikia, wao wanasema tengo frío.

SWALI: Nafanya kazi kwa simu na kompyuta nikihudumia wateja wanaoongea Kihispania kutoka nchi mbalimbali. Kuna wanaosema tú, kuna usted, kuna vosotros, wiki hii mteja kaniambia "vos tenés". Kitabu changu hakina tenés. Nifuate lipi?

JIBU: Kwa kazi yako fuata usted na ustedes, utalala salama. Tú ni wewe ya kawaida, ile yenye -s. Usted ni wewe ya heshima na kitenzi chake ni kile cha yeye: usted habla, usted tiene, usted puede. Inashangaza mpaka ukumbuke kwamba hata sisi mtu mzima tunaweza kumwambia usoni "mzee anasemaje?" tukimaanisha yeye mwenyewe aliye mbele yetu. Usted ilitokana na vuestra merced, namna ya zamani ya kumtaja mtu kwa cheo badala ya kumwambia wewe, ndo maana kitenzi kikabaki cha yeye. Wakiwa wengi ni ustedes na kitenzi ni cha wao, ustedes hablan.

Vosotros, na mikia yake -áis, -éis, -ís, ni nyinyi ya Hispania kwa watu mliozoeana. Amerika ya Kilatini hawaitumii kwenye maongezi, wao nyinyi ni ustedes kwa wote, marafiki na wakubwa. Kwahiyo kama wateja wako ni wa huko, mikia mitano inakutosha na ile ya sita uijue kwa kuisikia tu.

Vos ni wewe ya Ajentina, Urugwai, Paragwai, Nikaragua na sehemu nyingine za Amerika ya Kati, na mkazo wake unakaa mwishoni: hablás, comés, vivís, tenés, querés, podés, na kwa ser wanasema sos. Kwa alieuliza swali la querer hapo juu, hebu tazama, vos querés, sio "quierés". Mkazo umeenda mwisho, mzizi ukatulia. Kanuni ni ileile. Wewe mjibu mteja kwa usted tu, hatakasirika, ataelewa kila kitu. Na usishangae ukimkuta mtu wa Bogotá, kule Kolombia, anamwambia usted mpaka rafiki yake, huko ni kawaida, sio ugomvi.

SWALI: Lini natumia hablo na lini estoy hablando?

JIBU: Wakati uliopo wa kawaida unabeba kazi nyingi, kama -na- yetu. ¿Qué haces? inaweza kuwa unafanya nini hapo ulipo, inaweza kuwa unafanya kazi gani maishani, muktadha ndo unaamua. Unabeba na ile ya hu-, trabajo los lunes, Jumatatu huwa nafanya kazi. Unabeba mpaka kesho, mañana te llamo, kesho nakupigia, hatusemi lazima nitakupigia na wao pia sio lazima. Hata jambo lililoanza zamani likaendelea, vivo aquí desde hace dos años, naishi hapa miaka miwili sasa.

Estoy hablando itumie pale unasisitiza ndo niko kwenye kuongea dakika hii, usinikatishe. Usiitumie kwa mipango ya kesho. "Estoy viajando mañana" haikai, sema viajo mañana. Ukiwa na shaka chagua fupi, mara nyingi utapatia.

SWALI: Me gusta inanichanganya. Mimi ndo napenda, kwa nini nisiseme gusto?

JIBU: Kwa sababu gustar haimaanishi kupenda, kazi yake ni kama "kupendeza" au "kufurahisha". Me gusta, inanifurahisha. Kinachofanya kazi ni kitu, wewe ni yule anayefanyiwa, ni ile -ni- ya katikati. Kitu kimoja kinataka gusta, vingi vinataka gustan: me gusta el libro, kitabu kinanifurahisha, me gustan los libros, vitabu vinanifurahisha. Sisi tumebadilisha ki- ikawa vi-, wao wameongeza -n, kazi ni moja. Te gusta, le gusta, nos gusta, les gusta, kitenzi hakisogei.

Na ukishaliona hilo umefungua mlango mkubwa. Kiswahili kinamweka mtendwa kabla ya mzizi, na-KU-ona. Kihispania kinamweka kabla ya kitenzi, te veo. Anakupigia, te llama. Wananijua, me conocen. Nakupenda, te quiero. Mpangilio ni uleule, wale wa lugha zinazoweka mtendwa nyuma ndo wanaopata taabu hapa. Hata -ji- ipo: najiosha, me lavo. Unajiosha, te lavas. Anajiosha, se lava. Angalizo kwenye hiyo ya -ji- ni kwamba inabadilika kufuata mtu, me, te, se, nos, os, se, wakati ji yetu haibadiliki. Na Kihispania kinaitumia hata pale ambapo sisi hatuweki ji, naamka ni me levanto, nakwenda zangu ni me voy.

SWALI: Mwalimu, mwanangu ana miaka kumi na moja, shuleni wanasoma Kihispania na mwezi ujao wana mtihani wa vitenzi vya wakati uliopo. Mimi sijui hata neno. Naweza kumsaidia au nimuache?

JIBU: Unaweza sana dada yangu, na hutakiwi kujua Kihispania. Muombe akuandikie kwenye karatasi vitenzi kumi alivyofundishwa, kila kimoja na umbo la mimi pembeni. Alafu wewe muulize kwa Kiswahili, unaishi wapi, unasoma nini, rafiki yako anacheza nini, mnakula saa ngapi, na yeye ajibu kwa Kihispania sentensi nzima, sio kitenzi peke yake. Wewe kazi yako ni kusikiliza mwisho wa kitenzi: anajisemea mwenyewe, usikie -o, isipokuwa soy, estoy, voy, doy na sé. Anamsemea mwenzake, usikie irabu a au e, isipokuwa es. Anasema sisi, usikie mos. Anasema wao, usikie n. Hizo nne tu unaweza kuzikagua bila kuelewa sentensi, na mtoto akijua mama anasikiliza mkia ataujali.

Fanya hivyo muda mfupi kila siku kuliko jioni moja ndefu kabla ya mtihani. Akikosea usimsahihishe palepale, mrudishie swali lilelile pole pole, mara nyingi anajirekebisha mwenyewe. Na akishazoea mgeuze, yeye ndo akuulize kwa Kihispania, ¿dónde vives?, ¿qué lees?, na wewe ujibu. Vivo aquí. Leo un libro. Kabla ya huo mtihani na wewe utakuwa na vitenzi kadhaa vyako.